Kabla ya Kujiunga na Klabu ya Karate



Mavuno ya mpunga yakimalizika katika bonde letu la Kilombero, fedha kidogo huonekana mikononi. Basi huo ndio wakati watu wa kila namna hufika Ifakara, Mang'ula na Mlimba wakiwa na kitu cha kuuza. Mmoja huuza nguo, mwingine sufuria. Na mwingine huuza mafunzo.

Msimu mmoja baada ya mavuno, mzee mmoja alitujia ofisini akiwa na karatasi mkononi. Kijana wake alitaka kujiunga na klabu ya karate. Karatasi ilisema ada ya mwaka mzima ilipwe siku ileile ya kujiandikisha. Mzee alikuwa amekwisha kupata mnunuzi wa magunia mawili ya mpunga.

"Mwalimu," alituambia, "kusoma nimeisoma yote. Ila sijui kama ni kweli."

Neno la mzee huyu ni kubwa. Kusoma maneno ni hatua ya kwanza. Kuyapima ni hatua ya pili. Leo tujifunze kupima.

KARATE NI NINI?

Karate ni mchezo wa kujilinda kwa mikono na miguu, bila silaha. Ulikulia katika visiwa vya Okinawa, nchini Japani. Mwaka 1922 mwalimu Funakoshi Gichin aliuonyesha mjini Tokyo, na baadaye ukaenea duniani. Hapa kwetu, mwalimu Nantambu Camara Bomani, aliyetoka Marekani, alianza kuufundisha Dar es Salaam mwaka 1973.

Ni mchezo mzuri. Huupa mwili nguvu, na humfundisha mtu nidhamu. Hatumkatazi mtu kujiunga. Tunasema: pima kwanza.

MKANDA MWEUSI

Wengi wetu tukiona mkanda mweusi kiunoni mwa mtu, tunaamini mara moja. Je, mkanda huo ulitoka wapi? Kano Jigoro, aliyeanzisha mchezo wa judo mjini Tokyo mwaka 1882, ndiye aliyeanza kuwapa mkanda mweusi wanafunzi waliokwisha kwenda mbele. Walimu wa karate wakaiga baadaye.

Lakini mkanda ni kitambaa. Dukani unauzwa. Serikali haiutoi, bali hutolewa na mwalimu au chama cha mchezo. Kwa hiyo thamani yake ni sawa na thamani ya yule aliyeutoa. Muulize mwalimu: "Nani alikupa mkanda huu? Mwaka gani? Ulijifunza kwa miaka mingapi?" Mwalimu wa kweli hatakasirika. Atamtaja mwalimu wake kwa furaha. Na kwa kuwa mkanda mweusi hupatikana kwa mazoezi ya miaka, anayekuahidi kuupata kwa miezi mitatu anakuuzia kitambaa tu.

MAMBO MATANO YA KUPIMA

1. Usajili. Baraza la Michezo la Taifa lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1967, na klabu za michezo hutakiwa kusajiliwa. Omba kuona cheti. Soma jina la klabu lililoandikwa humo. Je, ni lilelile wanalojiita? Kisha nenda kwa afisa michezo wa halmashauri yenu ukaulize kama anaijua klabu hiyo. Kuuliza hakulipiwi. Lakini kumbuka, cheti peke yake hakitoshi. Kinasema klabu inajulikana. Hakisemi mwalimu ana tabia njema.

2. Mazoezi. Nenda ukatazame kwa macho yako, mara mbili au tatu, kabla ya kulipa. Tazama wanafunzi wapya wanavyotendewa. Je, wanafundishwa polepole, au wanapigwa na wakubwa ili watu wacheke? Zungumza na wanafunzi, na hasa na walioacha. Waulize kwa nini waliacha.

3. Usalama. Mwanafunzi akiumia, je, mazoezi husimama? Mtu aliyepigwa kichwani, akaumwa kichwa, akatapika, akachanganyikiwa au akazimia, sharti aache mazoezi siku ileile na apelekwe zahanati au hospitali. Mwalimu anayesema "Vumilia, ndiyo ukomavu" hafai. Kwa watoto na wasichana, mzazi awe huru kuja kutazama saa yoyote. Mwalimu akisema mazoezi ni siri, au akitaka mtoto abaki naye peke yake, mwondoe mtoto wako.

4. Fedha. Heri ada ya kila mwezi kuliko ya mwaka mzima. Klabu ikivunjika, utapoteza kidogo. Dai stakabadhi, hata kama umelipa kwa simu. Na usitie sahihi karatasi usiyoisoma mpaka mwisho. Zamani tuliweka dole gumba kwa sababu hatukujua kusoma. Leo hatuna sababu hiyo.

5. Ahadi. Jihadhari na anayesema ana dawa, hirizi au pigo la siri litakalomzuia mwenye panga au bunduki. Mababu zetu walipigana vita ya Maji Maji kwa ushujaa mkubwa, nasi tunawaheshimu. Lakini tarehe 30 Agosti 1905, mbele ya boma la Mahenge, maji hayakuzuia risasi za rashasha za Wajerumani. Mwalimu mwema wa karate humwambia mwanafunzi: ukikutana na mwenye panga, kimbia kama unaweza. Kukimbia huko ni akili, siyo woga.

MZEE ALIFANYAJE?

Mzee yule hakuuza mpunga siku ile. Alikwenda na kijana wake kwenye ile klabu, akaomba atazame kwanza. Akaambiwa ati mazoezi hayaonwi na asiyelipa. Akaomba cheti. Akaambiwa kipo mjini, kitaletwa. Basi mzee akaaga, akarudi nyumbani. Kijana alinuna karibu wiki nzima.

Baadaye walipata klabu nyingine. Haina jengo, hufanyia mazoezi chini ya mwembe. Mwalimu wake huvaa mkanda uliochakaa, na ada hulipwa kila mwezi. Mzee hukaa kwenye kigogo pembeni akitazama, wala hakuna anayemfukuza. Magunia yake mawili yaliliwa nyumbani.

ZOEZI

Soma stakabadhi hii:

"Tumepokea fedha za klabu. Asante."

Ni mambo gani yamekosekana? Tafuta: jina la aliyelipa, kiasi cha fedha kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe, fedha ni za nini, jina la klabu, na jina na sahihi ya aliyepokea. Sasa iandike upya katika daftari lako kama inavyotakiwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mkanda mweusi peke yake hauthibitishi kwamba mwalimu anafaa?

2. Kijana wako ananuna kwa sababu umekataa kulipa. Utamweleza nini?

3. Mambo haya matano yanaweza kutumika kupima nini kingine hapa kijijini? Fikirieni mganga mgeni, chama cha kukopeshana, au muuza mbegu.