Chumvi ya Kuhifadhia Sharubati

Katika nyumba zetu nyingi hutengenezwa sharubati na achari za kuuza, basi yafaa tuijue chumvi iitwayo sodiamu benzoeti, iandikwayo E211 kwenye chupa. Si ya kutiwa mchuzini.

Asili yake ni asidi ya benzoiki, iliyopatikana kwanza katika utomvu wa mti wa Sumatra. Waarabu waliuita utomvu huo lubani jawi, nasi twalijua neno ubani. Asidi yenyewe huyeyuka kwa shida: lita 1 ya maji hupokea kama gramu 3 tu. Ikichanganywa na soda kali hugeuka chumvi, na lita ile ile hupokea zaidi ya gramu 500.

Chumvi hiyo ikitiwa katika maji ya ukwaju, ukali wake huirudisha kuwa asidi, nayo hupenya ndani ya hamira na kuvu ikazuia visikue. Pasipo ukali haipenyi. Kuitia katika tui ni kupoteza fedha, tena ni hatari, maana mtu atalitumaini tui lililokwisha haribika. Hali kadhalika karafuu zilizonyeshewa: dawa yake ni jua.

Sheria ya Marekani hairuhusu kupita gramu 1 kwa kilo 1 ya chakula. Pimeni kwa mizani, msikisie kwa kijiko. Na penye vitamini C, kama katika ndimu, joto na mwanga huweza kutoa benzini kidogo, ambayo huleta saratani. Chupa zikae kivulini.