Ulimi wa Chozi

Kuanzia Mufindi hadi Rungwe, migomba ikitoa maua chozi hakosi kufika, na watoto hawakosi kutafuta manati. Kabla hawajampiga, tuwaonyeshe anavyokula.

Mdomo wake mwembamba uliopinda huingia uani, lakini kazi kubwa ni ya ulimi. Ni mrefu, umejikunja kama mrija, na ncha yake imegawanyika. Wengi tulidhani mbochi, yaani maji matamu ya ua, hupanda yenyewe humo kama mafuta katika utambi wa koroboi. Tulikosea. Mwaka 2025 wataalamu walieleza kwamba chozi hufyonza: huubana ulimi juu kwenye kaakaa, kisha huushusha, na mbochi ikavutwa hadi kinywani huku ncha ingali ndani ya ua.

Wako ndege wadogo wa bara la Amerika wanaoishi kwa mbochi vilevile, ila si jamaa zake. Wao huutoa na kuurudisha ulimi zaidi ya mara 10 kwa sekunde, wakichota kidogo kidogo.

Wala mwenye shamba asimshtaki chozi kwa ndizi zake. Migomba tunayolima huzaa hata maua yasipochavushwa, na mgeni huyu huja kunywa mbochi.