Dondoo muhimu: Rangi tulivu za jeli ya kucha, nyumbani kwako

Rangi ya beji inayopendeza chupani inaweza kuufanya mkono uonekane umepauka. Ijaribu kwanza kwenye kucha moja, mchana, karibu na dirisha. Chagua iliyo karibu na rangi ya ngozi yako au iliyokolea kidogo kuliko hiyo.

Futa mafuta kwenye kucha kwa spiriti. Paka nyembamba, mara mbili au tatu, hadi ukingo wa ncha, na kila ukipaka weka kucha kwenye taa ya kukaushia jeli kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Ukipaka nene, juu hukauka na chini hubaki mbichi.

Zingatia sana hili: jeli mbichi isiguse ngozi. Ikigusa, ifute kabla ya kuwasha taa, maana kemikali zake, hasa HEMA, zinaweza kukuletea mzio usioisha. Ukiona muwasho au malengelenge pembeni mwa kucha, acha kuitumia, umwone daktari wa ngozi.

Anayetawadha akumbuke kuwa jeli huzuia maji kufika kwenye kucha.

Wakati wa kuitoa, funga pamba yenye asetoni juu ya kucha kwa foili dakika 10 hadi 15, kisha sukuma jeli taratibu kwa kijiti. Usiibandue kavu: itaondoka na tabaka la kucha.