SOMO LA MWEZI: KUKETI NA WALIOFIWA CHUONI

Soma kwanza: Ayubu 2:11-13, 1 Wafalme 19:1-9, Yohana 20:19-29.



Parokia zetu nyingi zina chuo jirani. Wanafunzi huja ibadani Jumapili, huimba katika kwaya, kisha hurudi mabwenini, nasi hatuwaoni tena mpaka juma lijalo. Je, siku msiba unapoingia chuoni, kanisa lifanye nini? Na tujifunze kwa yaliyotokea Garissa.

Siku ya Alhamisi Kuu, tarehe 2 Aprili 2015, kabla ya mapambazuko, watu wenye silaha wa kundi la Al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, nchini Kenya. Baadhi ya wanafunzi Wakristo walikuwa wamekwisha kukusanyika kwa maombi ya asubuhi. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Miili ilipelekwa Nairobi, na wazazi wakangoja kwa siku kadhaa katika chumba cha maiti cha Chiromo wawatambue watoto wao. Ndivyo Pasaka ilivyowakuta.

1. Kwanza tuketi, tusieleze

Rafiki za Ayubu waliketi naye chini siku saba, wala hawakusema neno. Hapo walifanya vema. Walikosa walipofungua vinywa kumweleza sababu ya mateso yake. Mzazi anayengoja mlangoni pa chumba cha maiti hahitaji kuambiwa kwamba Mungu alimpenda mtoto wake zaidi. Mpe pole, kisha uketi. Mtafutie maji na chai, umsaidie nauli, na akiitwa kuutambua mwili, asiingie peke yake. Bwana wetu alijua kwamba Lazaro atafufuka, na bado alilia (Yohana 11:35). Basi tumaini la ufufuo halikatazi machozi.

2. Hofu haiponywi kwa kukemewa

Jumapili iliyofuata Pasaka hiyo, tarehe 12 Aprili 2015, kulitokea mlipuko wa umeme usiku katika kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoko Kikuyu. Wanafunzi walidhani wamevamiwa, na wengine wakaruka kutoka madirishani. Mmoja alikufa, na zaidi ya 100 walijeruhiwa. Adui hakuwako, ilikuwa ni hofu iliyobaki mioyoni tangu Garissa.

Jumapili kama hiyo ndiyo tunayosoma habari za wanafunzi wa Yesu waliojifungia milango kwa hofu. Bwana hakuwakaripia. Alisimama katikati yao, akawapa amani, akawaonyesha majeraha yake. Eliya naye, alipoomba afe, alipewa kwanza usingizi, mkate na maji. Maswali yalikuja baadaye.

Kwa hiyo kijana anayeshtuka mlango ukigongwa, au asiyelala usiku, tusimwambie kwamba hana imani. Tumkaribishe nyumbani, ale, alale, aseme atakapotaka. Majuma yakipita naye hapati nafuu, au akisema heri afe, tusimwache peke yake. Tumpeleke upesi kwa daktari au mshauri aliyefundishwa kazi hiyo. Sala na dawa hazipingani. Tena tusipeleke uvumi. Mzee wa kanisa akisikia habari, na aulize kwanza kwa wakuu wa chuo.

3. Tusimhesabie jirani damu hiyo

Wauaji wa Garissa waliwatenga watu kwa dini zao. Sisi nasi tukiwatenga jirani zetu Waislamu, tutakuwa tumeimaliza kazi ile waliyoianza. Tarehe 21 Desemba 2015 basi lililokuwa likienda Mandera lilishambuliwa, na abiria wakaamriwa kujitenga, Waislamu huku na Wakristo huku. Waislamu walikataa. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, akafa Januari 2016 kwa majeraha yake. Tukiwafundisha vijana wetu habari za Garissa, tuwafundishe na habari za mwalimu huyu.

4. Msiba hauishi matanga yakiondoka

Wanafunzi wengi walionusurika walihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, karibu na Eldoret. Fikiri juu ya kijana anayeingia bweni geni, na rafiki aliyelala kitanda cha pili hayupo tena. Garissa penyewe masomo yalianza tena Januari 2016, na wafanyakazi wakarudi kufanya kazi mahali palepale. Wakati huo magazeti yalikuwa yamekwisha kuandika mambo mengine.

Hapo ndipo kazi ya parokia huwa ndefu. Kasisi na aandike majina ya waliofiwa, na tarehe ya msiba, ili waombewe kila mwaka. Umoja wa Akina Mama na uwatembelee baada ya miezi mitatu, na tena baada ya mwaka. Wala tusiwasahau walinzi, wapishi na walimu wa chuo, kwa maana nao walipoteza watoto waliowajua kwa majina.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Katika parokia yetu, ni nani anayewajua wanafunzi wa chuo cha jirani kwa majina? Tuanze lini kuwajua, kabla msiba haujaja?
2. Ni maneno gani ya faraja tuliyozoea kusema ambayo humwongezea mfiwa uchungu?
3. Je, tuna Waislamu tunaoweza kwenda pamoja nao kutoa pole? Tumekwisha kuzungumza nao?

Sala

Ee Bwana Yesu, uliyeingia milango ilipokuwa imefungwa, uingie leo katika kila bweni lenye hofu na kila nyumba yenye kilio. Utufundishe kuketi na wanaolia, na kuwakumbuka hata wengine watakapokuwa wamesahau. Kwa ajili ya jina lako. Amina.