Tumbo Lisilotulia: Kuutambua na Kuudhibiti Ugonjwa wa IBS

Si kila maumivu ya tumbo ni vidonda, amiba au homa ya matumbo. Wapo wakaazi waliomeza dawa za magonjwa hayo yote matatu kwa zamu, wakapata nafuu ya siku chache, kisha tumbo likarudia yale yale. Baadhi yao wana ugonjwa wa utumbo msumbufu, ambao wahudumu wa afya huuita IBS. Ugonjwa huu hauui wala haugeuki kuwa saratani. Hata hivyo, usipotambuliwa humtesa mtu kwa miaka na kummalizia pesa kwa dawa asizozihitaji.

Chukua mfano wa mama anayeuza nguo sokoni. Asubuhi hunywa chai ya maziwa kwa mandazi, na kufikia saa nne tumbo limejaa gesi na linamkata. Akienda haja, maumivu hupungua. Siku ya soko, wateja wakiwa wengi na choo kikiwa mbali, huharisha mara tatu. Wiki inayofuata hukaa siku nne bila kupata choo. Ndani ya mwaka mmoja ameambiwa mara mbili kwamba ana homa ya matumbo, akapewa antibiotiki. Amenunua dawa za amiba kwenye duka la dawa, na za vidonda pia. Hakupona, kwa sababu hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa dawa ya ugonjwa wake.

Ugonjwa wenyewe

Katika IBS utumbo hauna kidonda wala uvimbe. Tatizo liko katika jinsi unavyofanya kazi. Misuli yake hukaza kwa kasi mno au polepole mno, na mishipa ya fahamu inayounganisha utumbo na ubongo huwa myepesi kuhisi. Gesi kidogo ambayo mtu mwingine hata haitambui humletea mgonjwa maumivu makali. Wengine huanza kuugua baada ya kuhara vibaya kutokana na chakula au maji machafu. Wasiwasi na kukosa usingizi huzidisha hali, lakini hiyo haimaanishi kwamba maumivu ni ya kubuni.

Daktari hushuku IBS iwapo maumivu huja angalau siku moja kwa wiki kwa muda wa miezi 3, na yanaambatana na kwenda haja, au na mabadiliko katika idadi au ulaini wa choo. Kwa kawaida dalili huwa zilianza miezi 6 au zaidi iliyopita.

Hakuna kipimo kimoja kinachothibitisha IBS. Mhudumu husikiliza historia ya mgonjwa, humpima tumbo, na huweza kuagiza vipimo vya damu na choo ili kuondoa magonjwa mengine. Ni vyema kufahamu kwamba kipimo cha damu kiitwacho Widal kinaweza kuonyesha homa ya matumbo kwa mtu asiyeugua. Kumeza antibiotiki kila tumbo linapouma huwapa vijidudu usugu, na siku dawa hizo zitakapohitajika kweli huenda zisifanye kazi.

Dalili zisizopaswa kungoja

Mtu mwenye mojawapo ya dalili hizi asijitibu nyumbani. Aende hospitalini mapema:

- damu kwenye choo, au choo cheusi kama lami;
- kupungua uzito bila sababu;
- kuharisha kunakomwamsha usiku;
- homa, au upungufu wa damu;
- uvimbe tumboni;
- matatizo ya choo yaliyoanza baada ya umri wa miaka 50;
- jamaa wa karibu aliyewahi kuugua saratani ya utumbo mpana.

Mwanamke aliyepita miaka 50 ambaye tumbo limeanza kujaa kila siku anafaa kuchunguzwa pia kama ana saratani ya ovari, kwa kuwa dalili zake hufanana na za IBS.

Chakula

Hatua ya kwanza ni daftari. Kwa wiki mbili, mgonjwa aandike alichokula, saa, na jinsi tumbo lilivyokuwa. Ale kwa saa maalumu, atafune polepole, anywe maji ya kutosha, na apunguze chai na kahawa hadi vikombe 3 kwa siku. Pombe, soda na vyakula vyenye mafuta mengi pia vipunguzwe.

Hilo lisiposaidia, upo mpango wa chakula uitwao FODMAP, uliobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash nchini Australia. Kwa wiki 4 hadi 6 mgonjwa huacha vyakula vinavyochacha upesi utumboni: maziwa, maharagwe, vitunguu, kitunguu saumu, vyakula vya ngano kama chapati na mandazi, na matunda kama maembe, tikitimaji na tofaa. Ugali wa mahindi, wali, viazi, mayai, samaki, nyama isiyo na mafuta mengi, sukuma wiki, karoti, machungwa na papai kwa kawaida havina shida.

Baada ya hapo hurudisha chakula kimoja kimoja, kwa siku tatu hivi kila kimoja, ili ajue kinachomdhuru. Hatua hii isirukwe. Githeri na maziwa ni lishe ya bei nafuu kwa familia nyingi, na kuviacha maisha yote bila sababu ni hasara. Mara nyingi kinachohitajika ni kupunguza kiasi. Maharagwe yakilowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa, kisha yakachemshwa kwa maji mapya, gesi hupungua. Wajawazito, watoto na watu waliokonda waanze mpango huu kwa ushauri wa mtaalamu wa lishe pekee.

Dawa na mwenendo

Dawa huchaguliwa kulingana na dalili. Haiosini au mebeverini hutuliza mkazo wa utumbo. Loperamaidi hupunguza kuhara, na ispaghula husaidia anayefunga choo. Pumba za ngano huweza kuongeza gesi. Maumivu yasiyokoma daktari anaweza kuyatibu kwa amitriptilini ya kiasi kidogo, dawa inayotuliza mishipa ya fahamu. Kutembea nusu saa kwa siku, kulala vya kutosha na kupata ushauri nasaha pia husaidia.

Yule mama wa sokoni anaweza kuanza kwa chai ya rangi na viazi vitamu kidogo badala ya chai ya maziwa na mandazi, huku akiandika daftari lake. Daftari hilo ndilo la kubeba anapokwenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, pamoja na orodha ya dawa zote alizowahi kumeza. Mhamasishaji wa afya ya jamii anayezuru nyumba za kijiji anaweza kumwelekeza pa kuanzia.