Betri ya Jua Wakati Umeme Unapokatika: Somo Kutoka Kisugu

Katika somo hili nataka kuwaelezea jambo ambalo wengi wetu tunalo nyumbani lakini wachache tumelijifunza: betri ya sola, na jinsi ya kuitumia wakati umeme wa mjini umekatika. Wakubwa husema akiba haiozi. Methali hiyo ni kweli, lakini akiba isiyohesabiwa huisha pasipo mwenyewe kujua. Hayo niliyaona kwetu Kisugu, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Usiku mmoja wa masika

Mwaka jana, mwezi wa Aprili, mvua ilinyesha Kampala tangu mchana. Saa moja ya usiku upepo ulivuma, ukasikika mlio mkubwa upande wa Namuwongo, na mtaa wote ukawa giza. Nyumbani hatukushtuka. Baba alikuwa amenunua paneli ya wati 150, betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100, na inveta. Taa sita ziliwaka, televisheni ikafunguliwa, na kaka yangu akapiga pasi nguo zake za wiki nzima. Majirani walikuja kutazama mpira. Tulijiona mabwana wa mtaa.

Kabla ya saa tano inveta ilianza kulia, kisha ikazimika. Tukawasha mshumaa, tukalala. Saa nane ya usiku mdogo wetu wa kike alishikwa na pumu. Tuna mashine ndogo ya kumpulizia dawa, lakini mashine hiyo hutumia umeme, na umeme haukuwapo. Baba alimfunika kwa koti, akapanda naye bodaboda katika mvua mpaka kituo cha afya. Mama na sisi tulibaki tumekaa gizani, na hakuna aliyesema neno. Alhamdulillahi, asubuhi walirudi, mtoto amepona.

Baba hakumgombeza mtu. Aliweka daftari mezani, akaniambia, "Mwanangu, wewe unasoma fizikia. Nihesabie umeme wetu ulikwenda wapi." Nilihesabu, nikaona haya. Sasa tuhesabu pamoja.

Betri ina kiasi gani?

Betri ni kama mtungi wa maji. Ukubwa wa mtungi hupimwa kwa lita, na ukubwa wa betri hupimwa kwa wati-saa. Kuupata, zidisha volti kwa ampea-saa:

12 × 100 = wati-saa 1,200.

Lakini mtungi huu haufai kukaushwa. Betri ya risasi ikimalizwa mara kwa mara, sahani zake za ndani huharibika, na baada ya muda mfupi haishiki tena chaji. Kwa hiyo mwenye busara hutumia nusu tu, yaani wati-saa 600, na nusu nyingine huiacha. Betri za lithiamu zinazouzwa siku hizi huvumilia zaidi: waweza kutumia sehemu nane katika kumi, nazo hudumu miaka mingi zaidi, ingawa bei yake ya kwanza ni kubwa.

Jihadharini pia na betri ya gari. Hiyo imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa nukta chache tu, ili kuamsha injini. Ni mkimbiaji wa mita mia. Betri ya sola ni mchukuzi wa safari ndefu. Ukimpa mkimbiaji mzigo wa mchukuzi, utamwua upesi.

Matumizi ya usiku ule

Kila chombo kina wati zake, zimeandikwa nyuma au chini yake. Zidisha wati kwa saa kilizotumika, utapata wati-saa. Haya ndiyo niliyoyaandika katika daftari:

Taa 6 za wati 7, kwa saa 4: 168.
Televisheni ya wati 60, kwa saa 3: 180.
Ruta ya wati 10, kwa saa 4: 40.
Pasi ya wati 1,000, kwa dakika 20: 333.
Jumla: wati-saa 721.

Tena, inveta haifanyi kazi bure. Kazi yake ni kuugeuza umeme wa betri uwe kama ule wa soketi za ukutani, wa volti 240, na katika kugeuza hupoteza kiasi. Tukichukua kwamba sehemu 85 katika 100 ndizo zinazofika, basi betri ilitakiwa kutoa 721 ÷ 0.85, yaani karibu wati-saa 850. Nasi tuliruhusiwa 600 tu! Zaidi ya hayo, siku ile ilikuwa ya mawingu, na betri haikujaa tangu asubuhi. Si ajabu inveta ilizimika.

Sasa tazameni mashine ya dawa. Hiyo ni ya wati 120, na hutumika dakika 10. Hesabu yake ni wati-saa 20. Ishirini tu! Pasi ya kaka yangu ilikula 333, kiasi cha kumpulizia mtoto dawa mara kumi na sita. Baba alipoiona hesabu hiyo alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Betri haikutudanganya. Sisi ndio hatukuiuliza."

Kwa nini pasi ni adui?

Vyombo vinavyotoa joto, kama pasi, birika la umeme na jiko la umeme, hutumia wati nyingi kuliko vyote. Katika soketi ya volti 240, pasi ya wati 1,000 huvuta ampea 4 hivi. Lakini upande wa betri ya volti 12, ukihesabu na upotevu wa inveta, mkondo huwa karibu ampea 100. Waya mwembamba hauwezi kuchukua mkondo huo. Hupata moto, na nyumba yaweza kuungua. Ndiyo maana fundi hodari hutumia waya nene na fupi kati ya betri na inveta, tena huweka fyuzi karibu na betri. Ukiona waya za betri zina joto, zima kila kitu na umwite fundi.

Kujaza mtungi

Paneli ya wati 150 haitoi wati 150 kutwa nzima. Asubuhi na jioni jua ni dhaifu, na mawingu hupita. Kwa hesabu ya nyumbani, chukua kwamba Kampala hupata kama saa nne na nusu za jua kamili kwa siku, na kwamba sehemu 70 katika 100 ndizo zinazoingia katika betri na kutoka tena. Basi:

150 × 4.5 × 0.7 = wati-saa 472 hivi.

Hiyo ndiyo mapato yetu ya siku njema. Katika siku za mvua, yaani Machi mpaka Mei, na tena Septemba mpaka Novemba, mapato yaweza kuwa nusu au chini yake.

Kampala iko karibu sana na ikweta. Kwa sababu hiyo jua hupita karibu juu ya vichwa vyetu. Mwezi wa Juni huelekea kaskazini kidogo, na Desemba kusini. Paneli haihitaji kuinamishwa sana, ila iinamishwe kiasi ili mvua ioshe vumbi. Kivuli ni adui mwingine. Tawi moja la mfenesi likifunika pembe ya paneli, laweza kupunguza umeme wa paneli nzima. Sisi tulikata tawi moja, tukaona tofauti siku ileile.

Historia kidogo

Yapo mambo mawili ya mwaka 1954 yanayotuhusu. Tarehe 25 Aprili mwaka huo, wataalamu wa Bell Laboratories huko Marekani waliwaonyesha watu kwa mara ya kwanza seli ya jua ya silikoni yenye kufaa kwa kazi. Ilikuwa ikigeuza kama sehemu 6 tu katika 100 za nuru kuwa umeme. Paneli nyingi za leo hupita 20. Siku nne baadaye, tarehe 29 Aprili 1954, Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la Owen Falls pale Jinja, ambalo leo twaliita Nalubaale. Hivyo umeme wa mto Nile na umeme wa jua ni kama ndugu waliozaliwa juma moja.

Mwenye kuuliza atasema: Uganda ina mabwawa mengi, giza latoka wapi? Mwaka 2005 na 2006 maji ya ziwa Victoria yalipungua, na nchi ikaingia katika mgao mkali wa umeme. Baadaye yalijengwa Bujagali, Isimba na Karuma, hata mitambo yote pamoja yaweza kutoa zaidi ya megawati 2,000, kuliko nchi inavyohitaji. Siku hizi mara nyingi shida haiko bwawani, iko njiani: mti umeangukia waya, transfoma imelemewa, au nguzo imeoza. Toka 2005 kazi ya kusambaza ilikuwa ya kampuni ya Umeme. Mkataba wake ulipokwisha tarehe 31 Machi 2025, kazi hiyo ilirudi kwa shirika la serikali, UEDCL. Lakini radi haijui mkataba. Kwa hiyo hapana budi kila nyumba ijiandae.

Taratibu zetu mpya

Baada ya hesabu ile tulikaa pamoja, tukaandika sheria ukutani. Nazitoa hapa ili mzitengeneze kwa mahitaji ya nyumba zenu.

Kwanza, cha lazima hutangulia. Kila usiku wati-saa 80 ni za mashine ya dawa, nazo zatosha mara nne. Hakuna anayezigusa. Kisha hufuata taa 4 kwa saa 4 (112), ruta kwa saa 4 (40), simu tatu (45), na televisheni kwa saa 2 (120). Jumla ni 397. Ukigawa kwa 0.85 ni karibu 467. Linganisheni na mapato ya jua, 472. Matumizi hayapiti mapato, na nusu ya betri haiguswi.

Pili, pasi hupigwa umeme wa mjini ukiwapo, au kwa makaa. Kaka amekubali.

Tatu, tunapima betri kabla ya usiku, baada ya kuipumzisha kidogo pasipo kuchajiwa wala kutumiwa. Betri yetu ya risasi ikijaa husoma volti 12.7 hivi. Ikisoma 12.2 imefika nusu. Siku ambayo haikujaa, televisheni haifunguliwi, hata kama Uganda Cranes wanacheza.

Nne, inveta huzimwa wakati wa kulala. Yetu hula wati 10 hata ikiwa haikuunganishwa na kitu. Kwa saa kumi za usiku hizo ni wati-saa 100, zaidi ya akiba yote ya mgonjwa. Swichi yake iko karibu na kitanda cha Mama, pamoja na tochi.

Tano, betri hukaa mahali penye hewa, mbali na moto, kwa maana betri ya risasi inapochajiwa hutoa gesi iwezayo kulipuka. Ile ya kufunguliwa huongezwa maji safi ya betri, si maji ya bomba. Ikizeeka hupelekwa kwa wanaozikusanya. Haitupwi mtaroni, kwa kuwa risasi ni sumu.

Sita, na hii ni kubwa: inveta haichomekwi kamwe katika soketi ya ukutani ili kulisha nyumba. Umeme huo waweza kurudi katika nguzo na kumwua fundi anayetengeneza waya akidhani hazina umeme. Atakaye kulisha nyumba nzima amwite fundi mwenye leseni, aweke swichi ya kutenganisha. Kwa sababu iyo hiyo, mitambo mingi ya sola isiyo na betri hujizima yenyewe umeme wa mjini ukikatika. Paneli peke yake juu ya bati si ahadi ya taa.

Saba, mashine si daktari. Dawa ya kuvuta kwa mkono iko tayari sikuzote, na pumu ikizidi twakwenda hospitali mapema, umeme uwepo usiwepo.

Mwisho

Tangu siku ile umeme umekatika mara nyingi, na mara mbili mtoto ameshikwa usiku. Mara zote mbili Mama alinyosha mkono, akabonyeza swichi, na mashine ikanguruma. Basi, ndugu zangu, mwenye betri na awe na daftari.

Maswali ya kujipima

1. Betri ya volti 12 ina ampea-saa 200. Ikiwa ni ya risasi, ni wati-saa ngapi zinazofaa kutumiwa?
2. Birika la wati 2,000 hutumika dakika 6. Linakula wati-saa ngapi, kabla ya kuhesabu upotevu?
3. Andika vyombo vya nyumbani kwenu. Ni kipi kisichoweza kungoja mpaka asubuhi?

Majibu: la kwanza 1,200, la pili 200. La tatu waulize wazazi wako leo, kabla giza halijaingia.

Mwanafunzi wa zamani, Kisugu