Kalamu ya mwanzi inamwaga wino

Swali: Nimechonga kalamu ya mwanzi nijifunze hati ya Kiarabu. Nikichovya, herufi ya kwanza huwa dimbwi, ya tatu haisomeki. Nifanyeje?

Jibu: Anza na mpasuko. Upite katikati ya ncha, urefu kama sentimita moja. Ukiwa mfupi mno, wino haushuki. Kisha kwangua nyama laini ya ndani, libaki ganda gumu la nje, kwani nyama hiyo hufyonza wino na kuuachia ovyo. Ncha ikate mshazari kwa kisu kikali, mara moja.

Dimbwi lina dawa ya zamani ya waandishi wa khati: tia nyuzi za hariri ndani ya kidau, ncha iziguse tu, isizame. (Pamba huacha manyoya, achana nayo.) Karatasi ya daftari pia hutawanya wino. Tafuta iliyo laini.